Mume wa Daktari wa Maji

Jumapili, 3 Agosti 2025
Kanisani mzee wa kanisa kanitambulisha kwa wageni: huyu ndiye mume wa Daktari. Mume wa Daktari! Miaka yote nafundisha kemia hapa Segese, Melania alikuwa "mke wa Ticha". Na hiyo kemia iliyompa udaktari wa maji, chuoni ni mimi niliyemwelekeza! Nilicheka na wengine. Mashavu yaliniuma.

Jumatatu, 4 Agosti
Baada ya vipindi nilipita kisimani. Melania na Enock, fundi wake kutoka Dar, wamelaza juani mirija ya vioo ya mradi wao wa kusafisha maji. Ndani imepakwa unga mweupe. Jua likiupiga, unga unavunjavunja zile kemikali za kulainishia plastiki — zimejaa kisimani, watu wamechoma sana nyaya na mipira pale jirani. Mama Ngusa, mwenye kisima, kamshika Melania mikono yote miwili: wabeja, wabeja! Asante za Kisukuma, zote kwake. Shikamoo yangu kaiitikia bila kugeuka.
Enock anamwita "Mela". Mela! Kampa nani ruhusa?

Jumatano, 6 Agosti
Bomba la chuma la kutolea maji limepasuka. Melania alikuwa kwa diwani. Enock kakimbilia dukani, karudi na mpira wa maji, ule laini unaopinda, kaufunga mwishoni mwa vioo, kaufunika kwa udongo. Nikajua palepale. Ulaini ule unatokana na kemikali zilezile! Maji yatoke kwenye vioo yamesafishwa, yachafukie kwenye mpira.
Nikafungua mdomo. Enock kaniambia: Ticha, sogea kidogo, unatuzibia jua.
Nikasogea. Nikaenda zangu.

Ijumaa, 8 Agosti
Sampuli za maji zimeondoka kwenda maabara, Mwanza. Sijasema. Si wana daktari?

Jumanne, 19 Agosti
Majibu yametoka. Mabaya! Maji yanatoka na kemikali nyingi kuliko yalivyoingia. Melania kalia mpaka khanga imelowa. Nikamkumbatia, nikamchemshia chai. Kasema: Baba Mariana, bila wewe ningekuwa wapi?
Mungu anisamehe — nilijisikia vizuri. Mwaka mzima sijajisikia hivyo.

Jumatano, 20 Agosti
Wafadhili wanataka kufunga mradi. Melania analaumu unga wake, unga aliouhangaikia miaka. Mama Ngusa kaja na ndoo, kauliza kama maji ya kisima wajukuu wanywe au wasinywe. Melania kageuka. Kanitazama mimi.
Nikamwambia Mama Ngusa asubiri kwanza. Asubiri nini? Wajukuu wanakunywa hayohayo!
Nitasema kesho.

Alhamisi, 21 Agosti
Sikuwahi kusema. Melania kaja mwenyewe jioni hii, mpira mkononi. Hakupiga kelele. Kauweka mezani, pembeni ya ugali. Enock kamwambia kwenye simu: Ticha alikuwepo wakati naufunga, alisimama pale, akaukodolea macho.
Melania kaniuliza, sauti ya chini kabisa: "Baba Mariana, uliuona?"
Nikasema ngoja nitafute miwani. Nimeingia chumbani, nimefunga mlango. Miwani ninayo usoni.
Niseme sikuuona? Mwalimu wa kemia! Niseme niliuona — halafu nimwambie kwa nini?
Kiti kimesogezwa. Anakuja. Anabisha hodi kwenye chumba chake mwenyewe.
"Sostenes."
Tangu tuoane hajawahi kuniita hivyo.
"Sostenes, fungua."