Kompyuta ya Gesima Inayolala Alasiri

Kisii mjini, 5 Machi 1997

Baba,

Goti linaendeleaje? Sisi wazima, mvua tu inatuvuruga.

Naandika kwa sababu chinsoni, heshima yetu ya mkwe na mkwe, hainiruhusu kuja kukuhoji uso kwa uso. Kompyuta ya mizani ya majani ya chai unayoitunza kituoni Gesima huzimika karibu kila alasiri, kama mtu aliyesinzia ndani ya ukungu. Haron aliyeiandikia programu anaapa haina kosa. Kiwanda cha chai kinataka jibu kufikia Ijumaa tarehe 14, la sivyo Haron aondoke.

Tunachagua chombo cha kuichunga. Manish wa duka la kompyuta ana cha ng'ambo: huchora mstari wa kijani mashine ikiwa macho, mwekundu ikilala. Haron ametunga chake chenye betri: kila tukio, mstari wa maandishi. Mimi naelekea kwa Manish. Wewe uliyeshika rejista miaka thelathini wasemaje?

Mkazamwana wako,
Tryphosa

Gesima, 8 Machi

Mwanangu,

Goti ni la mzee, tuliache. Chai imechipua hadi mlangoni.

Rangi ni za kupamba arusi! Mstari mwekundu utakuambia mgonjwa amekufa, nawe umeshaketi matangani. Chukua chenye maandishi. Hata hicho ni nusu bubu: kinaandika lini, hakiandiki kwa nini. Nani aliwadanganya kwamba mashine huishi peke yake chumbani?

Baba mkwe wako,
Manasseh

Kisii mjini, 15 Machi

Baba,

Salamu, ingawa sina raha.

Tulikifunga cha Haron. Kimeandika: Jumatatu saa tisa na dakika kumi, umeme umekatika. Jumanne, tisa na robo. Jumatano, kumi kasoro robo. Lakini taa za kituo zilikuwa zinawaka! Wakubwa wakacheka: hata chombo chake kinasema uongo. Jana Haron alirudi kwao Tabaka, akachonge mawe. Barua ya kumwachisha kazi nilitia sahihi mimi, mkuu wake.

Mkazamwana wako,
Tryphosa

Gesima, 20 Machi

Mwanangu,

Leo sina uso wa kusalimu.

Ni mimi. Radi ikinguruma upande wa Ekerenyo, huchomoa waya ukutani. Nani huku huacha chuma kinanyonya umeme radi ikipita? Redio huchomoa, kioo hufunika. Kwangu halikuwa tukio. Ni kama kufunga mlango. Haron alipokuja kuchunguza ilikuwa asubuhi, mbingu safi, akanywa chai akaondoka.

Jana nilikwenda Tabaka. Nilimkuta amejaa vumbi la mawe, mweupe kama mtu wa ndotoni. Nikamwomba radhi nimesimama.

"Kwa hiyo, Mzee, wewe ndiwe kosa nililolitafuta mwezi mzima?"

"Ndimi."

Alicheka hadi tindo ikamdondoka.

Yuko tayari kurudi Jumatatu. Lakini hataingia ofisini mpaka aliyetia sahihi amwombe radhi vilevile, mlangoni, amesimama. Katika hilo, mwanangu, niko upande wake.

Baba mkwe wako,
Manasseh