Waya wa Shamba la Mkonge

Marui, Kisarawe

Mjukuu wangu Hamisi,

Marahaba. Sisi wazima, na mama yako ameanza kuvuna mihogo. Unauliza kama zimamoto kama wewe ahakikishe umeme umekatwa hata mkubwa wake akisema tayari umekatwa. Swali lako limenitonesha kidonda.

Wakati wa Mwingereza nilikuwa nikianika katani kwenye shamba la mkonge huko Kibaha. Siku moja waya wa umeme uliokatika ulimnasa shoga yangu Mwanaidi. Msimamizi akapiga kelele, "Umeme umeshakatwa! Mwondoeni, kazi iendelee!" Wala hakuwa amekwenda kutazama. Selemani, mume wa Mwanaidi, akamwamini, akamshika mkewe, naye akanaswa. Nikakimbilia nyumba ya mashine, nikamkuta fundi hana habari, nikampigia kelele: "Zima! Watu wanakufa!" Akashusha swichi kuu.

Mwanaidi alipona. Selemani tulimzika kesho yake.

Na yule msimamizi, bila haya, akaandika kwamba marehemu alikufa kwa ukaidi wake! Ukaidi gani, na mtu alitii? Mpaka leo hasira haijanitoka.

Basi ukiambiwa waya hauna moto, uliza nani amezima, na nani ameona kwa macho yake. Mkubwa akikasirika, mwache akasirike.

Bibi yako,
Mwajuma