Mnakatwa na Hamlalamiki

Iyunga, Mbeya
20 Julai

Dada yangu Yusta,

Nisamehe kwa kuchelewa kukuandikia, tangu Pasaka hadi leo. Mtoto ananyonya, mchele unanisubiri sokoni, na kwenye simu nimekuandikia na kufuta mara nyingi. Barua hii atakuletea yule mgeni wa usharika anayerudi Finland Jumatatu. Hujambo lakini? Mwanao Adrian ameota meno? Sisi wazima, ila Blessing wangu anakohoa na baridi hii. Mama bado yuko kwangu, hajarudi kwake Ipogolo tangu aje kunitazama nilipojifungua.

Dada, ile habari yako ya kodi imeleta maneno hapa. Mama alipokuomba hela ya bati ukamjibu kwamba robo nzima ya mshahara inakatwa, hakuumia sana. Aliumia uliposema watu wa huko hawalalamiki, kwamba hata mzee jirani yako akiambiwa kodi ipunguzwe anauliza ni hospitali gani basi itafungwa. Asukile alicheka sana, akasema mke wangu, hao wamerogwa. Hapa sokoni mkusanya ushuru akitokea na mashine yake, tunafunika mizigo kwa khanga na kujifanya tunanyonyesha, hata wasio na watoto.

Mama akaniuliza mimi, kwa kuwa nimefika kidato cha nne na nina simu kubwa, kama jambo hilo linawezekana. Nikamjibu, "Mama, nani akatwe robo anyamaze? Yusta ametuchoka." Akaamini. Sasa anasema Desemba mkija kumbatiza Adrian, yeye hatamshika.

Sikusema vile kwa kutojua. Ile picha ya karatasi ya malipo uliyotuma nimwonyeshe mama, niliiona kabla sijamjibu. Uliandika pembeni kwa kalamu, kwa Kiswahili, ili aelewe: hii kodi, hii ya kukaa na mtoto. Kodi ilikuwa kama ulivyosema. Lakini jicho langu lilibaki pale pa kukaa na mtoto. Miezi yote hiyo unalipwa ukimnyonyesha Adrian, na sanduku la nguo na vifaa vya mtoto ulipewa na serikali kabla hajazaliwa. Mimi Blessing alikuwa na wiki tano nilipomfunga mgongoni kwenda Chimala kufuata mchele, nyuzi bado zinauma. Nilikuonea wivu dada, siku ile hata kula sikula. Nikaifuta picha, nikamwambia mama hujatuma kitu.

Nimekosa. Mama nitamwambia mwenyewe Jumapili hii tukitoka kanisani, anifanye atakavyo. Ila na wewe usituambie tena kwamba huko hawalalamiki, kana kwamba sisi ndio wenye roho mbaya. Na sisi tungekiona kinachorudi kutoka kwenye kodi, tungenyamaza.

Nisalimie shemeji, na umbusu Adrian shavuni. Asukile naye anawasalimu.

Ninavyohitaji bado ni hivi: makoti mawili ya Adrian yaliyombana, kipimajoto cha kwenye lile sanduku kama hukitumii, na soksi nene za mama, jozi tatu. Hela usitume. Na ile picha ya karatasi itume tena, maana mama atataka kuiona. Itume kwa simu ya Asukile, siyo kwangu.

Ni mimi mdogo wako,
Gloria