Lori la Mzee Luka na Nadharia Tatu

Temeke, Jumapili ya masika, 1955

Mvua haijakatika tangu misa ya kwanza, na viatu vyangu vimerudi kutoka Kinondoni vikiwa na tope hadi kwenye kamba. Sijali. Leo tumepeleka posa kwa akina Agnesi.

Njiani mjomba Yohana, mshenga wangu, alinionya: "Wewe kaa, tabasamu, nyamaza. Maneno ni yangu." Ndiyo desturi, nami nilikubali.

Lakini Mzee Luka, baba yake Agnesi, ambaye jasho lake lote limo katika lori moja la kubebea mchanga, alinigeukia mimi. "Nasikia ulikwenda Kampala kusomea serikali za dunia. Haya, bwana msomi. Katika hizo serikali, lori langu litakuwa la nani?"

Mjomba alinikanyaga mguu. Jibu la kunipatia mke nililijua. Halikutoka.

Nilisema kwamba chini ya ubepari lori ni lake, mpaka kampuni yenye malori mengi itakapoamua kumwondoa barabarani. Chini ya ukomunisti, vitabuni lori ni la watu wote. Kwa vitendo, ufunguo hukaa mfukoni mwa ofisa mmoja. Mimi naufuata usoshalisti: wenye malori waungane katika chama cha ushirika, na kila mwanachama awe na kura moja, mwenye lori na utingo wake sawasawa.

"Utingo wangu? Yule anayesinzia juu ya mchanga?"

"Naye, Mzee."

"Yohana, kijana wako kaja kuposa au kunyang'anya?"

Walicheka wote. Nyuma ya pazia la chumba cha ndani nilikitambua kicheko cha Agnesi.

Hata hivyo sikurudi nyuma, na hapa sitaficha: nimezisoma hoja za pande zote, na hakuna iliyonigusa kama hii, kwamba asiye na lori naye aulizwe safari iende wapi. Katika nchi ambayo gavana hatuulizi lolote, hilo ni wazo kubwa na zuri.

"Na nyumbani kwako?" Mzee aliendelea. "Binti yangu atakuwa na kura?"

"Moja, kama mimi."

"Mkigawanyika?"

Hapo, kwa mara ya kwanza leo, niliitii desturi. Nilinyamaza.

Mzee aliikunja barua ya posa tuliyomletea. Nilikwisha kujiona nikirudi Temeke bila mchumba. Kisha akaisogeza kuelekea pazia. "Waposaji waliokutangulia walinihakikishia kuwa lori ni langu milele," aliniambia. "Agnesi, mama, kura ni yako."

Mkono ulitoka, ukaichukua barua.

"Nakubali, Baba. Hilo la kugawanyika tutalimaliza wenyewe."

Tutalimaliza wenyewe. Miaka yote ya vitabu, na sijapata kuusikia upande wangu ukitetewa kwa maneno machache na mazuri kiasi hicho.

Mvua bado inapiga bati. Najiuliza jambo moja tu: siku hiyo ya kugawanyika itakapofika, mimi ninayependa sana kura, nitakubali kushindwa?