Udongo wa Kifusi Uliomwagwa Uani kwa Mama Flavia

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Dafrosa Kapinga. Umri: miaka 39. Kabila: Mmatengo. Dini: Mkristo. Elimu: darasa la saba. Kazi: mkulima wa kahawa na mahindi. Makazi: Kitongoji cha Mgodini, Kata ya Ukata, Wilaya ya Mbinga.

Nina watoto wanne. Wa mwisho, Flavia, ana miaka saba na ni wa kwanza darasani kwao, wako sitini na wawili. Naomba hilo liandikwe.

Tunapakana na mgodi uliofungwa kabla sijaolewa. Mwezi Februari 2025 Serikali ilileta wauguzi wakapima watoto damu. Flavia alikutwa na madini ya risasi, kipimo 38, na wauguzi walisema hata 5 ni nyingi. Tuliambiwa hudumaza akili ya mtoto. Serikali ikazungushia kifusi cha mgodi uzio, ikaagiza kila ua ukwanguliwe na kuwekwa udongo safi kutoka Mbuji. Kwangu walikwangua Agosti, udongo safi tukabaki kuusubiri. Septemba Flavia akapimwa tena, 21. Nilipiga vigelegele mbele ya muuguzi, sikuona aibu.

Mnamo tarehe 11/11/2025, saa 3:20 asubuhi, lori la mkandarasi aliyepewa kazi hiyo lilimwaga udongo uani kwangu. Dereva ni Erasmo, mtoto wa dada yangu. Aliniamkia, nikaitikia. Niliona udongo ni wa kijivu, na wa Mbuji ni mwekundu. Nikachota kidogo, nikautia maji, nikapaka kwenye jiwe. Haukupasuka, ukang'aa. Nikawaambia haujatoka Mbuji. Msimamizi wao, Jastini, alicheka akaniuliza nimekuwa mtaalamu wa madini tangu lini. Akaamuru usambazwe. Nilisimama mbele ya lundo na jembe langu, nikataka aitwe mwenyekiti wa kitongoji.

Mwenyekiti, Valence Hyera, alifika saa 4:00. Majirani walishajaa. Akaniuliza nimejuaje. Hapo niliona aibu. Kwa sababu Februari wauguzi walipouliza nani huchota udongo wa kifusi, nilisema mimi hapana. Kwetu sakafu ya nyumba husiribwa kwa udongo kabla ya Pasaka na Krismasi, na yangu ilikuwa inang'aa kuliko zote, hata padre aliisifu. Nikasema mbele ya wote: "Mwenyekiti, udongo huu nimesiribia chumba anacholala Flavia tangu azaliwe. Mikono yangu inaujua."

Hakuna aliyenicheka. Jirani yangu Gertruda akasema, "Hata mimi, mama Flavia." Na wengine watatu wakasema hivyo hivyo.

Erasmo alishuka kwenye lori. Akasema, "Mama mdogo, nisamehe. Tumeuchota kwenye kifusi, uzio tumeukata kwa nyuma. Jastini alisema Mbuji ni mbali."

Saa 8:00 mchana afisa mazingira alikuja na kifaa, akapima lundo, akasimamisha kazi. Alisema udongo wote utazolewa na chumba cha Flavia kitawekwa sakafu ya saruji. Wauguzi nimekwisha kuwaambia ukweli. Flavia atapimwa tena Januari. Kipimo kitashuka. Mtoto wangu mimi namjua.

Niliyoyaeleza hapa nimeyaona na kuyashika mwenyewe. Nimesomewa, ni sahihi.

Sahihi ya shahidi: D. Kapinga

Maelezo ya mpokeaji: Mimi, Koplo Joakim, nimeandika maelezo haya leo tarehe 12/11/2025, saa 4:45 asubuhi. Nimepokea mfuko mmoja wa udongo kama kielelezo. Shahidi hakuniruhusu kuugusa hadi nilipovaa glavu, na hakuondoka hadi aliponiona nimenawa mikono.