Mbilikimo Ameruhusiwa Kuwa Mganga

Mapera, Julai 2001

Kaka Leopold,

Huku sote ni wazima, kahawa tumeanza kuvuna. Kitabu kipya cha kanuni za ule mchezo wetu wa dadu, wa kuigiza watu wa hadithi, kimefika, na tumebishana mchana kutwa! Zamani mbilikimo wa mchezoni, mtu wa mlimani, alizaliwa mchimbaji, basi. Sasa anaruhusiwa kuwa mganga. Jirani Flaviani anasema mchezo umeharibiwa, mbilikimo asiyechimba si mbilikimo tena. Mimi yule mbilikimo wako nimemfanya mganga papo hapo.

Baba alikuwa barazani akichambua kahawa. Tangu ulipokataa kuchimba mashimo ya ngolo, kilimo chetu cha mlimani, ukaenda Songea kusomea ualimu, hajalitaja jina lako. Akasema, "Flaviani, mtoto wa mlimani hata asipochimba, mlima ni kwao."

Kisha akaniuliza basi la Songea siku hizi linafika saa ngapi.

Mdogo wako anayekutunzia dadu,
Avelina