Somo la "up" limeniponza

Shoga, nimekwisha. Uko wapi?

Mkaguzi wa shule kaingia darasani kwangu leo. Baba yako mzazi.

Nilikuwa nafundisha Kiingereza, neno "up", yaani juu. Watoto wakachoka na kupanda ngazi, kupanda mlima, nikawapa na ile ya vijana, "what's up". Wakaipenda hiyo tu.

Kaingia na suti yake ya kijivu. Darasa zima likasimama, likaimba: "What's up, mzee."

Mzee. Yaani baba yako anaambiwa "mambo vipi" mahali pa shikamoo.

Kauliza, "Nani kawafundisha?" Wakaninyooshea vidole wote, wanatabasamu, wanangoja nipongezwe.

Kaondoka, hata chai hakugusa.

Nakuomba, akifika nyumbani mwamkie shikamoo mara mbili. Moja ni yangu.